Rukia Hakufa

Baba,

Nimegombana na Mzee Gaspard kwa sababu yako, na sijamwomba radhi. Unamkumbuka: yule mkaguzi wa shule mstaafu ambaye nyumbani kwake Gitega tunakutana kila Jumamosi mchana, watu tisa au kumi, kuzungumzia vitabu vya zamani. Kila nilipokuja Makebuko ulikuwa ukiniuliza, "Wasomaji wako hawajambo?" kana kwamba nafuga ng'ombe. Hawajambo. Wawili hawanisalimii, lakini hawajambo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mambo haya yametokea baada yako.

Tulipogawana vitu vyako, wadogo zangu walichukua redio, koti na majembe. Mimi nilichukua kitabu cha Rukia. Kile chenye jalada la kijani, ulichokipata kambini Tanzania na kurudi nacho Burundi ndani ya gunia la unga. Ulikuwa ukitusomea kila Jumapili baada ya ibada, mbele ya nyumba yetu ya udongo kule kambini, na watoto wa majirani wamekaa chini kutuzunguka. Tulijiona matajiri. Baba za wenzetu walikuwa na baiskeli. Wetu alikuwa na kitabu.

Katika riwaya ile Rukia anaozwa kwa karani mzee wa shamba la mkonge, anatoroka na kisanduku chake, anapata kazi ya kupimia wengine pamba kwa sababu anajua hesabu kuliko wanaume wote pale. Sura hizo tuliruhusiwa kuzisoma wenyewe. Lakini sura za mwisho ulikuwa umezishona pamoja kwa uzi wa gunia. Ulisema karatasi zimechakaa, na mkono wako tu ndio unaojua kuzifungua. Unalegeza uzi kidogo, unainua kitabu karibu na uso, unakohoa, unaanza. Na sheria yako ilikuwa moja: "Mwisho wa kitabu husomwa na baba." Mimi nilidhani ni sheria ya vitabu vyote duniani. Nilipoingia sekondari Gitega nikamwona msichana anajisomea mwisho wa riwaya peke yake kitandani, nilimshangaa kama mtu anayekula kabla ya sala.

Mwisho ulionisomea mimi naujua kwa moyo. Rukia anavuka mto. Anafika mahali asipojulikana, anaomba shamba, wanampa kipande chenye mawe ambacho hakuna aliyekitaka. Anayatoa mawe, moja moja. Msimu wa pili baba yake anafika, amezeeka, anakaa juu ya yale mawe na kumwambia, "Nilikosea." Rukia anampikia maharage. Basi. Hakuna harusi, hakuna mahubiri.

Kuna siku niliona jambo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Nikakuuliza, mbona leo Rukia amerudi kwao na juma lililopita alibaki ng'ambo? Ukanitazama juu ya miwani, hata hukutikisika. "Kitabu kizuri, kila ukikisoma kinakuonyesha kingine." Baba! Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari. Niliyatumia kwenye mtihani. Niliyasema nyumbani kwa Mzee Gaspard, na watu wazima wenye vyeti wakayaandika na wao.

Sasa, miezi minne iliyopita ilikuwa zamu yangu kueleza kitabu cha zamani kilichonilea. Nikaenda na Rukia, uzi wako sijaugusa, maana sheria ni sheria. Nilijiandaa kama mtu anayeenda kudai shamba mahakamani. Nikawaambia kwamba wakubwa wa fasihi wana tabia moja mbaya: wakishaumba msichana anayefikiri, wanamwadhibu. Anazama, anakohoa damu, anapata wazimu, chagua wewe. Nikasema hata wale wa Kifaransa tuliolishwa shuleni, wenye theluji na magari ya farasi, ni hivyo hivyo. Mwanamke anatoka nyumbani ukurasa wa hamsini, unaanza kumhesabia siku. Nikainua kitabu chako. "Isipokuwa huyu. Huyu alimwacha msichana aishi. Ndiyo maana ni mkubwa kuliko wote."

Mzee Gaspard akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti. "Ma fille, binti yangu," akasema, "iyo mwisho haiko mu kitabu. Rukia anakufaka. Mi nimefundisha iyo kitabu miaka mingi, quand même."

Nikamwambia hajakisoma vizuri. Nilimwambia hivyo, mkaguzi mzima wa shule. Nikaomba mkasi, nikakata uzi wako mbele ya wote ili nimwaibishe.

Ilikuwa mihogo, Baba. Kurasa za kijitabu cha bwana shamba. Namna ya kuchagua pingili zilizokomaa, umbali kati ya shimo na shimo, dalili za ugonjwa wa batobato, na picha ya jani lililojikunja. Ulizikata sawasawa na kitabu, ukazishonea ndani ili unene utoshe. Sura za mwisho za Rukia hazikuwapo. Labda zilikwisha kung'olewa kabla hujakipata kile kitabu. Kambini karatasi ilikuwa na kazi nyingi.

Walicheka. Mmoja akasema, "Donc, kumbe Rukia alikufa na batobato!" na chumba kizima kikalipuka. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la watu, nikiwa na hasira, na sikujua hasira ni ya nani.

Juma lililofuata nilikwenda Muyinga. Nilikuwa nimesikia kwamba Mama Nasrin, yule mjane anayeuza vitenge na sahani karibu na soko, ana kabati la vitabu ambavyo mumewe alikuwa akivinunua kila alipokwenda Tanzania kuleta bidhaa. Ni watu waliohamia kutoka India tangu enzi za babu zao, na Kiswahili chake ni kile kilichonyooka, kama chako. Alinipa maji ninawe mikono kwanza. Akanikalisha juu ya robota la vitenge, akaniletea Rukia mzima, mwenye kurasa zote.

Nimeusoma mwisho wa kweli. Rukia anaugua ugonjwa usio na jina. Anarudi kwao kwa kutambaa. Anaomba radhi mlangoni kwa baba yake kurasa sita nzima, nilizihesabu, na baba yake hasemi neno, anajifunika uso tu. Anakufa kizingitini. Kisha mwandishi mwenyewe anajitokeza na kutuambia sisi wasichana tujifunze nini.

Nitakupa maoni yangu, na asiyeyapenda aende akalale. Kiswahili cha mwandishi ni kitamu, sikatai; kuna maelezo ya mvua katika sura ya tano ambayo bado nikiyasoma naangalia nguo nilizoanika. Lakini mtu yule aliogopa. Aliumba msichana mwenye akili kuliko yeye, akakosa pa kumpeleka, akamuua. Na sisi tumekaa miaka yote hii tukiuita woga wake hekima, kwa sababu ni woga wa zamani. Nimechoka kuambiwa nipige magoti mbele ya kitabu kwa kuwa ni kizee. Uzee si hoja. Hata uongo huzeeka.

Mama Nasrin alikuwa akinitazama. "Mwisho huo mimi sikuupenda hata siku moja," akasema. "Lakini ni kitabu cha wakubwa, binti, utasemaje?"

Nikamwambia, "Nitasema hivyo hivyo, Mama."

Tatizo ni kwamba siku yako ya kuganduka ilikuwa inakaribia, siku ya kufunga matanga, na maneno yalikuwa yamekwisha kufika kila mahali. Baba mdogo Silvestri alikuja kutoka Ryansoro mahsusi. Hakuketi. Unamjua. Tangu turudi, kwa ajili ya shamba alilolilima wakati sisi tuko ugenini, hamkuwahi kusalimiana kwa furaha, lakini jina lako ni jina lake. "Usitaje iyo kitabu," akaniambia. "Watu watasema ndugu yangu iko mwongo. Alidanganya batoto na makaratasi ya mihogo."

Na Mzee Gaspard naye, kwa wema wake, akaleta fotokopi ya sura za mwisho. Alitaka mmoja wetu azisome pale pale, "tumsahihishe marehemu na heshima." Kukusahihisha! Mbele ya kaburi lako, mbele ya watu wa kilima chote.

Nilikosa usingizi, sikufichi. Mmoja alitaka ninyamaze ili usiaibike, mwingine alitaka niseme ili kitabu kisiaibike. Na mimi nilikuwa na nafasi moja tu, ile ya mtoto wa kwanza, kabla urwarwa, pombe yetu ya ndizi, haujaanza kuzungushwa. Maneno yakishasemwa siku ya kuganduka ndiyo yanayobaki. Mwaka mzima watu wamekuwa wakiongea kwa sauti ya chini, na siku hiyo ndiyo wanaamua marehemu alikuwa nani.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandika mwisho wako kwenye daftari, jinsi ulivyonisomea, mawe na maharage. Nikasema, "Watu wamewaambia kwamba baba yangu alibandika mihogo kwenye kitabu. Ni kweli." Baba mdogo akainamisha kichwa. "Mwandishi alimuua Rukia. Baba yangu hakumuua. Nitawasomea alichofanya baba yangu, halafu mwamue ni nani kati yao anayejua kuandika."

Nikasoma. Nilipofunga daftari nilifikiri nimekuharibia.

Kisha Spesiyoza akanyanyuka, yule aliyekaa nyumba ya tatu kutoka yetu kambini, sasa analima huku huku Makebuko. Uso umemkunjamana. "Hapana," akasema. "Si hivyo. Rukia hakubaki ng'ambo. Alirudi kwao, akakuta watu wengine wanalima shamba lake, wakakaa chini, wakagawana mstari kwa mstari. Alinisomea juma lile sisi tulipojiandikisha kurudi. Nilisikia kwa masikio yangu!"

Mwanamume mmoja nyuma akasema wote wawili hatujui kitu. Rukia aligeuka mkunga, kwani yeye alisomewa hivyo mwaka mama yake alipofia uzazini. Wakaanza kubishana. Baba, walibishana! Watu wazima, wenye vikombe mikononi, wakigombania mwisho wa kitabu ambao haupo kitabuni, kila mmoja akiapa wake ndio wa kweli.

Na hapo baba mdogo akasema. Hakuinua kichwa. "Mi pia alinisomea," akasema. "Mara moja, tuliporudi toka kwa mahakimu. Rukia iko na mdogo wake, alibaki nyumbani. Alikula shamba yote. Rukia anafika, anamwona, anamwambia, sha, mdogo wangu, hata we ulikuwa na njaa." Akafuta pua kwa kiganja. "Mi nilijua tu haiko mu kitabu. Mi siko mjinga."

Mzee Gaspard alikunja fotokopi zake mara nne akazitia kwenye koti. Alipokuja kuniaga hakukubali kwamba ameshindwa, na mimi sikukubali kwamba nilimkosea adabu, kwa hiyo tumegombana na tunaendelea kugombana. Jumamosi ijayo nitakwenda kama kawaida. Nimekwisha chagua kitabu kingine cha mkubwa mwingine, na nina maneno naye.

Lakini wewe sijamaliza nawe. Nina hasira, na nitaisema wazi kwa kuwa huwezi kunikatiza. Maisha yangu yote nilikaa mbele yako nikimsifu yule mtu aliyekiandika kitabu. Nilikuja likizo na kukwambia, Baba, mwandishi huyu anatujua, alijuaje kuhusu mawe, alijuaje kwamba baba anaweza kuomba msamaha? Nilisema nikikua nataka kumwona. Nilikusomea hotuba nzima kumhusu, na wewe ulikuwa unamenya njugu, ukisema, "Eh. Kumbe." Wiki ile ya mwisho hospitalini nilikuuliza kama unataka nikusomee, ukasema nikusomee mwisho, nikakujibu kwamba mwisho husomwa na baba. Ulicheka mpaka ukakohoa, na mimi nikadhani ni dawa.

Ungeniambia. Siku moja tu ungeniambia, nikakusifu ukiwa unasikia.

Basi nakuahidi hivi. Nitakwenda nyumba kwa nyumba, Makebuko, Ryansoro, hadi Muyinga kwa wale waliofikia huko tulipotoka kambini, kwa kila mtoto aliyekaa chini mbele ya nyumba yetu, niandike mwisho wake kama alivyousikia. Sitarekebisha hata mmoja. Ikigongana, igongane. Na kwenye jalada nitaandika jina lako, la ubatizo na la ukoo, kwa herufi kubwa kuliko za yule bwana.

Pumzika, Baba. Nilipokuwa nikimsifu yule mtu, nilikuwa nakusema wewe.

Binti yako,
Evelina