Msonobari wa Pili

Saint Paul, 9 Oktoba 2016

Mama mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mgongo unaendeleaje? Mimi na watoto ni wazima. Kwa kuwa simu yako imekufa, naandika. Mchungaji Sosthène atakuletea akija huko kambini.

Yule bibi wa Estonia niliyekuwa namwogesha kazini, Helmi, tumemzika jana. Wazee wenzake wachache waliimba kanisani kwa sauti nne, hakuna aliyelia. Nami sikulia, ingawa nilimpenda. Siku hizi silii kitu, Mama.

Kwao, wakienda makaburini, husimama njiani, ndugu akachonga msalaba kwenye msonobari. Marehemu akitaka kurudi nyumbani anauona, anakumbuka kwamba amekufa, anageuka. Helmi hakuwa na ndugu, aliniomba mimi. Nilichonga kwa kisu cha jikoni, kwenye shamba la mzee wao wa kanisa, naye alinishikia koti.

Nikamfikiria kaka Elisée. Tangu alipopotea tukikimbia vita kule kwetu Fizi, hatujamkalia matanga. Nataka nimchongee na yeye, tupumzike. Unasemaje?

Binti yako,
Goretti

Nyarugusu, 20 Novemba 2016

Mwanangu Goretti,

Mgongo ni uleule, namshukuru Mungu. Wajukuu wanakula vizuri? Pole kwa bibi yako. Kwake ulifanya vema, alishatimiza miaka yake.

Kwa Elisée, hapana. Kila jioni namwekea ugali wake, asubuhi naula mimi. Majirani wananicheka, waache wacheke. Nani ameniletea hata shati lake? Huenda yuko hai, nawe unataka akutane na mti njiani umwambie amekufa. Usichonge.

Mama yako

Saint Paul, 15 Januari 2017

Mama,

Natumaini dawa zinapatikana. Watoto wana mafua tu.

Barua yako imenifikia wiki hii. Nilikuwa nimeshachonga. Nilidhani kimya chako ni ruhusa. Mkesha wa Krismasi watu wa Helmi huwasha mishumaa makaburini; nilikwenda nao, na wakati wa kurudi nikaomba tusimame. Theluji ilinifika magotini. Nilimchongea Elisée kwenye msonobari wa pili, jirani na ule wa Helmi. Nilitegemea machozi yatakuja. Hayakuja. Kesho yake nikaenda kazini.

Nisamehe.

Binti yako,
Goretti

Nyarugusu, 2 Aprili 2017

Goretti,

Mvua inaelekea kuisha, mgongo umetulia kidogo. Nyinyi mafua yameisha?

Nilikasirika, ndiyo maana sikuandika. Lakini mti ukishachongwa umechongwa. Jana sikumwekea ugali. Nilikaa tu, sikujua mikono niiweke wapi.

Sasa nisikilize. Kwangu hawezi tena kufika. Kama ni hivyo walivyokueleza, akija ataishia hapo kwenye huo mti, kwenye baridi, na watu hao hawajui lugha yake. Basi uwe unakwenda wewe. Ukifika mwite kwa jina, umwambie si mama aliyemfungia njia.

Mama yenu