Viputo Visivyoungana

Dresden, 4 Machi 2016

Baba mpendwa,

Habari za Merseburg? Sikio linaendeleaje? Simu huitaki, basi nakuandikia. Mimi mzima, ila jana niliaibika mbele ya maabara nzima.

Unaijua ile nguzo yangu ya kioo, ninayopulizia hewa kwa chini na kupima viputo. Hewa ilikuwa ileile ya kila siku. Ghafla maji yakawa meupe kama maziwa, yakavimba, yakamwagikia viatu vya profesa. Akauliza, "Nani kasafisha kioo kwa spiriti halafu hakusuuza?" Ni mimi. Kijiko kimoja tu kwenye ndoo ya maji! Kumbe pombe kidogo, kama hiyo ya spiriti, huzuia viputo kuungana. Vinabaki vidogo, vinapanda polepole, hewa inajazana humo, na maji hayana pa kwenda ila juu.

Nikamkumbuka baba mdogo Uwe na lile tangi la maji ya moto lililofurika likamuua kiwandani. Wewe ulikuwepo. Lilikuwa jeupe?

Mwanao, Romy

Merseburg, 9 Machi

Romy mwanangu,

Salamu nimepokea. Sikio lilelile, mdomo wako ndio umezidi. Ndiyo, lilikuwa jeupe. Lakini kisa kinajulikana: shemeji Lothar alifungua vali, ile koki ya hewa ya tangi, kupita kiasi. Nilimwona, nikasema mahakamani, akafungwa miaka miwili. Shangazi yako Hannelore akaachana naye, maana Uwe alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Yameshapita hayo. Kula vizuri.

Baba yako

Dresden, 14 Machi

Baba, shikamoo, na usinikasirikie.

Hewa ikizidi, viputo huungana vikawa vikubwa, vikapanda upesi na kupasuka. Maji hayawi maziwa. Nimejaribu mara tisa. Mle tangini mlikuwa na pombe. Kweli ulimwona Lothar akishika vali?

Mwanao

Dresden, 20 Aprili

Baba, hujambo? Barua yangu ilifika?

Mwanao

Merseburg, 6 Juni

Romy mwanangu,

Mwilini sijambo. Nisamehe kwa kunyamaza.

Kila Ijumaa tulipewa spiriti ya kufutia vioo vya matangi. Nani aliifutia vioo! Vioo tulivitemea mate, spiriti tukaiweka ya kunywa. Siku ile msimamizi alikuja kukagua bila taarifa, nami nina dumu zima mkononi. Nikalimimina tangini. Lita tano ndani ya lita elfu mbili, nikaona si kitu. Lothar alikuwa amesimama karibu na vali. Mkono wake sikuuona. Ila Uwe alikuwa amekufa, na mimi nilitaka awepo mtu wa kumchukia.

Jumapili nilikwenda kwa Lothar, kwenye nyumba ya wazee huko Halle, na barua yako mfukoni. Kabaki mifupa mitupu, lakini akili anayo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ecki, mwaka wa kwanza gerezani niliapa kwamba ile vali sikuigusa. Halafu nikajiambia, Ecki si mwongo. Kama aliniona, basi niliigusa. Nisamehe kwa ajili ya Uwe."

Nikamsomea barua yako. Nikamweleza habari ya dumu. Nililia, Romy, mbele ya wauguzi. Yeye hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa nani atakwenda kumwambia Hannelore?"

Hajui kwamba tulimzika mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekataza asiarifiwe.

Nikamjibu, "Nitakwenda mimi, shemeji."

Baba yako