Nani Amekuandikia?

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni hapa shuleni, nina hasira.

Unaikumbuka ile kazi ya Kiingereza ya darasa letu la watu wazima, ya kutafuta matumizi ya neno center? Nilipata tisa! Katikati ya mji, kituo cha afya, mtu anayetaka atazamwe yeye tu, yote na sentensi zake. Siku tatu, kila nikimaliza sala ya alfajiri.

Mwalimu kasoma, kacheka. Mbele ya darasa zima! "Mama, nani amekuandikia? Mwanao?"

Mwanao! Mimi!

Nikasema nimeandika mwenyewe. Akasema, "Fundi cherehani atayajulia wapi haya?" Akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima. Eti bila alama za kazi hii hasaini fomu yangu ya mtihani, na mwisho wa kuipeleka ni leo!

Atayajulia wapi! Nikasimama. Nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu, neno moja moja: aliyekushonea shati hakupima center ya kola, ndiyo maana imekaa upande tangu Jumatatu.

Darasa likalipuka. Yule mwanafunzi dereva anayekaa nyuma akapiga kelele, "Mwalimu, hilo nalo kaandikiwa na mwanawe? Msainie mama!" Wote wakadakia, "Msainie!"

Kasaini. Kakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Radhi hakuniomba.

Fomu ninayo, nimeibana kifuani. Nimejaribu kumwombea mwalimu heri, kama tunavyofundishwa, mwenzangu, lakini kila nikifika kwenye jina lake meno yanaumana yenyewe. Leo mwombee wewe. Mimi siwezi.