Twiga wa Jinja

Tandika Maguruwe,
Temeke,
Dar es Salaam.
11 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Bernadeta,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na lile goti ambalo mwanao Edgar aliniambia linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa limepata nafuu. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Masika ya mwaka huu yametupiga vibaya. Bati la sebuleni limevuja mpaka nikaishiwa ndoo, lakini usinihurumie mapema, maana bila bati hilo leo nisingekuwa na cha kukuandikia.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yako ninayo kwenye simu. Ni amri ya Baba. Amesema jambo lililoharibikia kwenye barua litengenezewe kwenye barua, na mzee wa miaka sabini na mitano akishaamua kitu, wewe kaa utafute kalamu.

Kwanza nikuombe radhi. Mwaka juzi ulipotutumia sauti yako, kile Kiswahili chako cha watu wa reli kilinifurahisha, nikampelekea Baba asikilize. Ulisema wewe ni mdogo wake kwa baba, kwamba Babu Revelian amezikwa Jinja, na ungependa kaka yako alione kaburi kabla mmoja wenu hajaondoka. Baba alinirudishia simu akasema, "Mimi sina dada." Niliona haya kukujibu, nikakaa kimya, nawe ukanyamaza. Kimya kile kimenikaa rohoni miaka miwili.

Inawezekana hukuwahi kuambiwa jinsi jambo hili linavyosimuliwa upande wetu. Sisi tulikua tukijua kwamba Babu aliondoka Kamachumu mwaka 1955 akisema anakwenda Jinja, Uganda, kutafuta kazi ya kiwandani, akamwacha Bibi Kokushubila na Baba, mtoto wa miaka mitano. Barua zikaja nne. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo zilisomwa na Petro, kaka mkubwa wa Babu, aliyekuwa mtumishi wa mapadri.

Sasa sikiliza kosa lilivyozaliwa. Babu Petro ujanani alikuwa akibeba barua za misheni, na stempu za wakati ule zilikuwa na kichwa cha twiga, stempu za Tanganyika peke yake. Barua ya kwanza ya Babu ilipofika, juu yake akakuta twiga. Akatangaza ukoo mzima ukisikia kwamba twiga ni wetu, kwa hiyo Revelian hajavuka mpaka wowote, yumo humu humu Tanganyika, amejificha na mwanamke. Pembeni ya twiga yaliandikwa pia majina ya Kenya na Uganda, lakini yeye alisema hayo ni mapambo. Simsemi vibaya marehemu. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na elimu kidogo na uhakika mwingi.

Bibi akakataza barua zisijibiwe. Baada ya ile ya nne akafunga mizigo, akamshika Baba mkono, akarudi kwao. Hakuolewa tena. Alikufa akiamini alidanganywa, na Baba akalirithi hilo kama watu wanavyorithi shamba.

Basi mwezi uliopita maji yakaingia kwenye kopo la biskuti ambalo Baba hulificha juu ya kabati. Ndani mlikuwa na zile bahasha nne. Nilizitandaza mezani zikauke, nikijua nitagombezwa. Jioni akaja rafiki yake, Mzee Bakari, kucheza naye drafti kama kawaida. Mzee Bakari ni mstaafu wa posta, aliianza kazi enzi za Posta ya Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika. Akaziona, akainamia moja kwa karibu.

"He! Twiga huyu mie namjua," akasema. "Mmepata wapi barua za Jinja?"

Baba akamwambia hazikutoka Jinja, twiga ni wa Tanganyika. Mzee Bakari akacheka, halafu akaona sura ya mwenzake, akaacha. Akatueleza taratibu kwamba Waingereza waliziunganisha posta za Kenya, Uganda na Tanganyika tangu mwaka 1933, na baada ya hapo nchi zote tatu zikatumia stempu moja. Twiga yule yule ulimkuta Mombasa, ukamkuta Kampala, ukamkuta Bukoba.

"Isack, mie nimegonga mihuri miaka ishirini na tisa," akasema. "Stempu haina kwao. Ukitaka kujua barua imetoka wapi, soma muhuri."

Akaniomba tochi ya simu, akavua miwani, akaisogeza bahasha mpaka puani. Jinja. Akachukua ya pili. Jinja. Ya tatu na ya nne pia, Jinja.

Shangazi, nilidhani Baba atafoka. Aliiweka chini kete aliyokuwa ameishika. Kisha akaniambia nimsomee ile ya nne, ambayo naamini hakuwahi kuifungua, maana mikunjo yake ilikuwa mikali bado. Babu ameandika kwamba amepata chumba, atakuja Desemba kuwachukua wote wawili, na mwisho ameuliza, "Kokushubila, nimekukosea nini hata hunijibu?" Baba alisema, "Kumbe alikuwa kule kule alikosema," akalia mbele ya rafiki yake bila kujificha.

Nimemlilia Bibi, nimemlilia Babu, na nakuhurumia wewe uliyekulia kwa baba aliyedhani amekataliwa. Hakuna kati yenu aliyestahili.

Parokiani kwetu kila Jumapili watu huandika majina ya marehemu wa kuombewa. Maisha yangu yote sijaona Baba akiliandika la baba yake. Leo asubuhi ameliandika mwenyewe, Revelian, kwa herufi kubwa, akamwambia katibu alisome kwa sauti.

Anataka kuja Jinja mwezi wa saba, nikiwa likizo ya shule. Tutapandia basi Mbezi Luis. Nimemwambia safari ni ndefu kwa mtu wa umri wake, akaniuliza kama ni ndefu kuliko miaka sabini. Je, utatupokea? Ukisema hapana tutakuelewa, ingawa mimi nitaumia.

Nisalimie sana Edgar, mkewe Jenipher na wajukuu wote. Mzee Bakari naye anakusalimu, anasema utunze bahasha. Mungu akulinde, akulainishie goti, atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda kabla sijakuona,

Kokuberwa

(Baba ameomba kalamu. Maneno ya chini ni yake.)

Dada, ni mimi Isack. Barua hii nakwenda kuiposti mwenyewe, na nitasimama hapo dirishani mpaka waigonge vizuri. Nipo Temeke. Soma muhuri.