Ubeti Tunaoukata Redioni

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kipindi leo kimewaka moto. Nimechambua "Sikununua Mdomo" wa yule kijana wa Mugeta anayejiita Clever. Mkoa mzima unauimba: bodaboda wa stendi, wanafunzi, wanawake wanaoanika dagaa kule Kibara. Mume anajisifu kwamba alitoa ng'ombe, akanunua mikono ya kulima na miguu ya kwenda kuteka maji, lakini mdomo hakununua. Ubeti wa pili mke anamjibu, mume anainuka na fimbo, na hapo ngoma inanyamaza kidogo. Nikawaambia wasikilizaji: pale pameachwa wazi makusudi, pajazeni kwa makofi. Matatu. Pa, pa, pa. Simu zilifurika mpaka Baltazari, bosi wangu, akaja kucheza nje ya kioo.

Ujumbe niliotoa: msanii anawakejeli wanaume wakorofi. Mwanamke mmoja wa Bweri akapiga kuuliza, sasa hapo anayechekwa ni mume au mke? Nikamwambia arudie kuusikiliza. Nikamkata, muda ulikuwa umeisha.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Tumeshinda Bunda. Clever mwenyewe jukwaani, na mimi nikapandishwa na maiki kufundisha makofi. Makofi ya Skolastika, ndivyo wanavyoyaita sasa. Raha niliyoiona pale sijawahi kuiona tangu nianze redio.

Mbele kabisa alikuwepo mlevi mmoja na mkewe. Ngoma iliponyamaza yeye hakupiga makofi. Alimzaba mkewe. Moja, mbili, tatu, na mdundo bila kukosea. Damu ya pua ikachuruzika mpaka kwenye kitenge. Watu wakacheka, na mimi nikacheka — nilikuwa na maiki mdomoni, spika zote zikakipeleka kicheko changu mpaka sokoni.

Clever akaweka maiki chini, akashuka. Hata ubeti wa pili haukuwa umeisha. Nikasema moyoni, haka katoto kameanza maringo mapema.

Ijumaa, 11 Julai

Dada Mary yuko Nyegina kwa kaka Kasmiri. Amefika asubuhi na bodaboda kutoka Butiama, akiwa ameinama kama mama mwenye uchungu. Jicho la kushoto limefunga. Mkono wa kulia hauinuki. Kichwani ameshonwa na uzi mweusi, nywele zimenyolewa kipande. Mimi ndiye niliyemwosha. Maji ya beseni nimeyamwaga mara mbili, yote mekundu.

Prosper, mumewe, ni mchuuzi wa ng'ombe mnadani. Si mara ya kwanza hii. Ila zamani alikuwa anapiga kwa hasira na kuacha akichoka. Nikamuuliza Mary safari hii ilikuwa nini. Akasema redio ilikuwa inaimba.

"Anapigaga pale pale pa makofi, Skola. Matatu. Halafu anakaa, anangoja irudi tena."



Jumapili, 13 Julai

Kasmiri amemrudisha Mary. Siwezi hata kuandika vizuri.

Baada ya misa alikaa kwenye kiti chake akatueleza kama katekista. Ng'ombe waliotolewa kwa Mary ndio aliomwolea mkewe, Happyness. Akimchukua Mary, Prosper atadai ng'ombe wake. Watatoka wapi? Amrudishe mke wake kwao na watoto wanne? Mary avumilie, yeye ataongea na shemeji.

Nikamrushia sufuria ya uji. Ilimpata begani, na uji ulikuwa wa moto. Akanikaba shingo, nikamng'ata mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu. Watu wazima wawili, tumetoka kupokea komunyo, tunagaragazana sakafuni mbele ya watoto. Aliyetuachanisha ni Mary, na mkono wake mmoja.

Akasema anaondoka mwenyewe, tusiuane kwa ajili yake. Binti yake Prudence, miaka saba, amebaki Butiama na baba yake. Akachukua mfuko wake wa plastiki. Happyness hakutoka jikoni.

Shingo yangu ina alama za vidole vya kaka yangu. Kesho nitavaa skafu.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda Mugeta kumrarua Clever. Njia nzima nilikuwa napanga matusi.

Nikamkuta zizini kwao, kavaa mabuti, si yule wa jukwaani kabisa. Nikamwambia wimbo wake umempasua dada yangu kichwa. Nikamwambia mengi. Hakubisha hata kimoja. Aliponiona nahema akauliza:

"Dada, wimbo wenyewe umewahi kuusikiliza mpaka mwisho?"

Nikasema mimi ndiye mchambuzi wa nyimbo mkoa huu. Akarudia swali lile lile, taratibu.

Sijawahi. Sisi wa redio ubeti wa tatu tunaukataga. Hauna ngoma, hauchezeki, na hapo ndipo tangazo la magodoro linapoingia. Baltazari aliukata kwenye kompyuta siku ile ile ulipoletwa. Nimekaa saa nzima hewani nikiwafafanulia watu wimbo ambao sijausikia wote.

Clever akaniimbia pale pale, bila chombo, sauti ya mtoto:

Mama amka, kumekucha,
ng'ombe wanalia, hawajakamuliwa.
Baba amekaa mlangoni,
mama amka, ng'ombe wanalia.

Clever alikuwa na miaka saba asubuhi ambayo mama yake hakuamka. Maneno ya kiitikio hakuyatunga, ni ya baba yake, alikuwa anayasema kila siku akiinua fimbo. Mama alikimbilia kwao mara nyingi. Wajomba walikuwa wanamrudisha, kwa sababu ng'ombe wa mama walikuwa wameshatumika kumwolea mjomba mmoja mke. Pale ngoma inaponyamaza alipaacha watu wasikie aibu, sio wapige makofi. Hakusema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeupiga wote. Wimbo mzima, ubeti wa tatu ndani. Baltazari alikuwa anagonga kioo, tangazo linapita muda wake. Nikafunga mlango kwa ndani.

Halafu nikasema. Makofi yale niliyafundisha mimi, kuanzia leo yaacheni. Nilisema wimbo unawakejeli wanaume, nilikosea. Huu wimbo hausemi na mume wala mke. Unasema na waliokula ng'ombe: baba, kaka, wajomba. Unawauliza mtakwenda lini kumchukua binti yenu, akiwa anatembea au akiwa amebebwa? Sauti ilinikatika mara mbili. Sikujali.

Simu za kwanza zilikuwa matusi. Mmoja ameahidi kunivunja taya akinikuta stendi. Mwingine amesema mwanamke asiye na mume asichambue ndoa za watu. Halafu yule mama wa Bweri. Alilia tu. Leo sikumkata.

Jumapili, 20 Julai

Nyegina. Happyness ameusikia. Nilipofika nilimkuta amefunga nguo zake kwenye shuka, mtoto mdogo mgongoni, amesimama katikati ya uwanja.

Amemwambia Kasmiri, "Ng'ombe wa Mary ndio mimi. Naenda kwetu, ukawadai kule uwarudishe kwa Prosper. Sitalala tena juu ya damu ya wifi yangu."

Kasmiri akainua mkono. Happyness hakurudi nyuma. Akamwambia piga, piga mara tatu, si redio imewafundisha? Mkono ukabaki hewani. Nilikuwa nimeshaokota mwichi wa kinu, na namwapia Mungu, ungeshuka ule mkono ningempasua kaka yangu.

Haukushuka. Aliketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani. Amesema atauza injini ya mtumbwi na nyavu, anunue ng'ombe, awarudishe Butiama, Mary na Prudence waje nyumbani. Nimelia kama mjinga. Nampenda sana Happyness.

Jumanne, 22 Julai

Injini imeuzwa.

Clever kapigwa chupa jana usiku kwenye harusi Bunda. Aliimba ubeti wa tatu, bwana harusi akasema amewaletea nuksi. Wajomba za bwana harusi wakamshukia na viti. Meno mawili hayapo. Amenipigia mwenyewe, maneno yanatoka na upepo, ananiambia ameumaliza. Wote, mpaka mwisho. Alikuwa anacheka.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemtukana kaka yangu matusi ambayo itabidi niyaungame.

Kumbe jana amemtuma mzee Makongoro, mshenga aliyeiunganisha ndoa ile, apeleke taarifa ukweni: Jumapili tunakuja na ng'ombe, tunamchukua binti yetu. Nikamuuliza unampigiaje hodi mtu kama yule? Kwa nini tusiende leo, usiku huu, tumtoe? Kasmiri akasema watu hawaendi ukweni kama wezi. Ng'ombe wasiotangazwa hawapokelewi. Wazee wao wasipokaa wakawaona na kuwakubali, Mary atabaki mke wa Prosper hata akilala Nyegina, na Prosper atakuja na vijana wa ukoo wao na mapanga, na nani atamlaumu?

Baya zaidi ni kwamba ni kweli. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Hata marehemu baba angefanya hivyo hivyo.

Mzee Makongoro amerudi ameshiba. Amechinjiwa kuku. Prosper mpole, amecheka, amesema karibuni sana Jumapili, mtamkuta ametulia. Kasmiri ameridhika. Mimi neno lile, ametulia, limenikaa kama mwiba wa sato.

Nimempigia Mary. Amesema wiki hii mume wake hajamgusa. Hata redio hafungui. Anakaa tu anamwangalia.

Nimemwambia atoroke leo. Amesema Prudence anafungiwa chumba cha baba yake kila jioni, ufunguo uko mfukoni mwake. Na mbona Jumapili zimebaki siku tatu tu.

Jumamosi, 26 Julai

Makutano. Pikipiki inayonipeleka Butiama imepata pancha. Fundi anaziba, ananiambia dakika kumi, dada. Naandika nikimngoja.

Kipindi kilikuwa kinakwenda vizuri. Ubeti wa tatu sasa ndio unaoombwa kuliko yote, hata Baltazari ameurudisha kwenye kompyuta. Akaniunganisha na msikilizaji. Niliijua sauti kabla hajataja jina.

Alisema anaitwa Prosper, wa Butiama, mchuuzi wa mifugo. Anamsalimu mchambuzi, ambaye ni shemeji yake. Anamsalimu shemeji Kasmiri wa Nyegina, amwambie kesho asijisumbue na ng'ombe. Sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeagiza chai. Akasema:

"Zile beti mbili tumeshazichoka. Nipigieni ule wa mwisho tu, shemeji. Tuko nyumbani, tunausikiliza."

Baltazari nje ya kioo akanyanyua dole gumba. Akaupiga.

Nimevua hedifoni nikakimbia, sijui hata nani yuko hewani sasa. Polisi wameniambia wanakwenda. Kasmiri ametangulia na wavuvi wenzake wa mwaloni, wako kwenye pikapu, nimesikia mapanga yanagongana kwenye simu. Na mimi, mchambuzi, niliuambia mkoa mzima ule ubeti unasema na baba, kaka na wajomba. Kuna mtu ameusikia akaona umemwonyesha njia.

Simu ya Mary inaita. Haipokelewi. Nimepiga tena. Nimepiga tena. Hapa kwa fundi redio imefunguliwa, wanasoma matangazo ya vifo.

Simu. Namba ya Mary! —

Sio Mary. Ni Prudence, ananong'ona. Nimemwambia ampelekee mama simu. Anasema baba amekaa mlangoni, hapitiki. Nimemuuliza mama yuko wapi, anafanya nini. Hajui.

Ananiuliza, mama mdogo, kwani leo nani atakamua? Ng'ombe wanalia.