Kikombe cha Baba Wafula

Sirisia, Jumanne

Ni mimi niliyepaswa kuuliza kikombe gani.

Tangu figo za mume wangu zishindwe kutoa maji, tuliambiwa asipitishe lita moja kwa siku. Chai, uji, supu, vyote pamoja. Muuguzi akasema ni kama vikombe vinne. Basi Baba Wafula amekuwa akinywa vinne kila siku, na mimi nikajiambia tuko sawa.

Leo asubuhi alitoka chooni akihema kama mtu aliyepanda mlima. Nikachukua kile kikombe chake cha bati, nikakijaza maji, nikayamimina kwenye jagi lenye mistari ya kupimia. Maji yakafika nusu lita.

"Baba Wafula, wewe umekuwa ukinywa lita mbili."

"Kikombe ni kikombe, bana. Ati sasa unanipimia chai kama mtoto?"

Nikampimia chai kidogo kwenye kikombe cha wageni. Akaitazama tu. "Hii si hata ya kulowesha ulimi," akasema, akakisukuma kando. Nilitaka kumpigia kelele. Kisha nikaona midomo yake imekauka, nikashindwa.

Nikapiga magoti, nikabonyeza mguu wake uliovimba kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale. Tulilitazama sote wawili, likakataa kujaa.

"Alhamisi ya kusafishwa damu ni keshokutwa," nikasema.

"Si tuende kesho?" akajibu polepole.

Hajawahi kuomba kwenda hospitali ya Bungoma. Hilo ndilo linanitisha.