Goti Limepoa

Mutindi wewe, uko? Tima amejifungia choo ya hii hoteli hapa Mwingi na hataki kutoka.

Ni hii lunch ya timu yetu ya zamani. Si unakumbuka ile mechi ya 1994 kule Migwani, Nzuki alipoumia goti? Tima ndiye alikuwa wa huduma ya kwanza.

Sasa leo kocha Ndolo anasimama mbele ya watu wote, anasema, "Mimi nilimrudisha Nzuki uwanjani kwa sababu Tima alisema goti ni poa."

ATI POA!!

Tima akaruka kutoka kitini. "Kocha, nilisema limepoa! Lilikuwa linawaka moto, nikaliwekea barafu ya duka la soda, likapoa. Sikusema limepona!"

Limepoa, Mutindi. Kwao Tima wanaongea Kiswahili tangu babu yake atoke pwani, na kupoa ni joto kushuka. Sisi Wakamba tukisikia poa, tunajua mambo ni sawa.

Na Nzuki alicheza mpaka mishipa ya goti ikakatika. Huo mguu haujawahi kunyooka tena.

Tima akamgeukia, karibu kulia. "Nzuki, kwani ndiyo maana huwa hunisalimii? Kocha ndiye alikurudisha!"

Nzuki akaegemea fimbo yake. Halafu akasema polepole, "Kocha sikumsikia siku hiyo, Tima. Nilikusikia wewe, nikainuka."